Mpira Upitishao Maji: Kwa Tangi la Samaki na kwa Tangi la Nyumba

Mwananchi mmoja, mkazi wa Dar es Salaam, alifika ofisini kwetu akiwa na vitu viwili: kopo lenye samaki wanne wa mapambo waliokufa, na kipande cha mpira wa maji wa rangi ya kijani. Kwa miaka miwili alikuwa akibadilisha maji ya tangi lake la kioo kwa ndoo. Aliyaweka maji ya bomba katika pipa barazani, akayaacha wazi usiku kucha ili klorini ipungue, kisha akayachota na kuyamimina taratibu, na samaki wake hawakupata dhara. Wiki ile alinunua mpira mpya wa mita 15 ili apumzike kubeba ndoo. Pipa lilikuwa lile lile, na maji yalikuwa yamelala usiku mmoja kama kawaida. Kilichobadilika ni njia tu ambayo maji yalipita. Kulipokucha, samaki wote walikuwa wakielea.

Alikuja kulalamika juu ya samaki. Sisi tulimwuliza jambo ambalo hakulitarajia: mpira huu una kazi gani nyingine nyumbani? Akajibu kwamba ndio unaojaza tangi la maji ya kunywa, na kwamba mwanawe mdogo hupenda kunywa kwenye ncha yake anapocheza uani.

Hatukuwa na ripoti ya maabara siku hiyo, na hatupendi kudai zaidi ya tunachoweza kukithibitisha. Hata hivyo, lebo aliyokuwa ameihifadhi ilisema mambo mawili kwa lugha ya kigeni: kwamba mpira ulitiwa dawa ya kuzuia ukungu, na kwamba haukukusudiwa maji ya kunywa. Muuzaji hakumfasiria, naye hakuuliza. Somo hili tumeliandika kwa ajili ya walio katika hali kama yake, nao ni wengi kuliko wafugaji wa samaki.

Kwa nini samaki hutangulia

Mtu mzima hunywa maji yapatayo lita mbili kwa siku, kisha ini na figo zake huyashughulikia. Samaki hanywi maji tu, bali huishi ndani yake. Maji hupita katika matamvua yake mchana na usiku, na matamvua ni utando mwembamba sana ambapo damu na maji hukaribiana ili hewa ipenye. Kinachoweza kupenya pamoja na hewa hiyo hupenya pia. Ndiyo maana dawa kidogo ya kuua ukungu, ambayo mtu asingeihisi, yaweza kulimaliza tangi zima kwa usiku mmoja.

Tuchukue mfano wa madini ya shaba. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 2 za shaba katika lita moja ya maji ya kunywa. Kiasi hicho, ambacho kwa binadamu kimekubaliwa, chaweza kuua aina nyingi za samaki wa maji baridi, hasa pale maji yasipokuwa na chumvichumvi nyingi. Kamba na konokono wa tangini hufa kwa kiasi kidogo zaidi. Kwa hiyo maji yanayomfaa mtu si lazima yamfae samaki.

Tunaomba msomaji asiigeuze kauli hiyo. Samaki kuendelea kuishi si hati ya usalama wa maji ya watu. Madini ya risasi hayamuui mtu kwa usiku mmoja. Hujikusanya mwilini kwa miaka, na kwa mtoto huathiri ubongo unaokua. Ukomo wa risasi katika maji ya kunywa, kwa mwongozo wa Shirika hilo hilo, ni miligramu 0.01 kwa lita, nalo linasema wazi kwamba hakijulikani kiwango cha risasi kisicho na madhara. Samaki anaweza kuogelea kwa furaha katika maji ambayo mtoto hapaswi kuyanywa kila siku.

Mpira umetengenezwa kwa nini hasa

Neno «mpira» hutuhadaa. Mipira mingi ya maji iliyoko madukani haina mpira wa mti ndani yake hata chembe. Ni plastiki iitwayo PVC. Plastiki hii kwa asili yake ni ngumu, kama tuionavyo katika mabomba ya majitaka. Ili ikunjike, kiwandani huchanganywa na vilainishi, ambavyo vyaweza kufikia theluthi moja ya uzito wa mpira au kuzidi. Vilainishi hivyo havikufungwa imara na plastiki yenyewe. Vimekaa katikati yake kama mafuta yaliyonyonywa na kitambaa, na hutoka kidogo kidogo, hasa kwa joto. Harufu kali ya mpira mpya, ile inayojaza chumba unapoufungua, kwa sehemu ni hao wanaotoka. Kundi mashuhuri la vilainishi huitwa thaleti. Mojawapo, inayojulikana kwa kifupi DEHP, imewekewa na Shirika la Afya Duniani ukomo wa miligramu 0.008 tu kwa lita ya maji ya kunywa.

PVC huhitaji pia kiimarishaji ili isiharibike kwa joto la kiwandani na kwa jua. Kwa miaka mingi viimarishaji vya bei nafuu vilikuwa vya madini ya risasi. Viwanda vya nchi za Umoja wa Ulaya viliacha kuvitumia kufikia mwisho wa mwaka 2015, lakini bidhaa sokoni hutoka pembe nyingi za dunia, na nyingine hutengenezwa kwa plastiki chakavu iliyoyeyushwa upya, ambayo asili yake haijulikani. Mwaka 2012 kituo kimoja cha mazingira mjini Ann Arbor, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, kilipima mipira ya bustani iliyonunuliwa madukani. Risasi na thaleti zilionekana katika mingi kati yake, na maji yaliyoachwa juani ndani ya mpira yalikutwa na risasi mara kadhaa zaidi ya ukomo wa maji ya kunywa wa nchi hiyo. Tukumbuke kwamba jua la Michigan si jua la Dodoma.

Hatusemi PVC yote ni mbaya. Ipo iliyotengenezwa mahsusi kwa maji ya kunywa na vyakula, isiyo na risasi wala thaleti, na mipira yake huandikwa hivyo. Tatizo ni kwamba kwa macho huwezi kuitofautisha na nyingine.

Mpira mweusi wa kweli, wa mti au wa kutengenezwa, huchemshwa na salfa, zinki na kemikali nyingine ili uwe imara. Zinki na baadhi ya kemikali hizo hutoka majini, na samaki hawazivumilii. Mpira wa gesi ya kupikia na ule wa magari usitumike kwa maji yoyote ya kunywa au ya samaki, hata ukiwa mpya.

Silikoni ndiyo tunayoipendekeza kwa tangi la samaki iwapo mfuko unaruhusu. Hulainika kwa asili yake bila kuhitaji vilainishi, huvumilia joto na haigeuki ngumu upesi. Ina kasoro mbili. Bei yake ni kubwa, na hupitisha gesi katika kuta zake, kwa hiyo wale wanaopeleka gesi ya kaboni kwa mimea ya tangini watajikuta wanaipoteza njiani. Kwa maji na kwa hewa ya kawaida kasoro hiyo haina uzito.

Polietilini ni ngumu zaidi kukunja, mara nyingi nyeupe kama maziwa, nayo haihitaji vilainishi. Ndiyo inayotumika katika mirija myembamba ya vichujio vya maji, na ndiyo inayotumika katika yale mabomba meusi yenye mistari ya buluu ambayo mamlaka za maji hufukia ardhini. Kwa maji ya kunywa ni chaguo jema na la bei ya kadiri. Jihadhari tu na bomba jeusi la umwagiliaji lisilo na mstari wala maandishi, kwani laweza kuwa la plastiki chakavu.

Mirija ya dripu iliyokwisha kutumika hospitalini isiingie nyumbani kwa kazi yoyote. Ni taka za hatari, wala kuichemsha hakuibadilishi kuwa kitu kingine.

Ncha za mpira

Watu wengi huchagua mpira kwa uangalifu kisha wakafunga mwishoni kiungo cha shaba ya manjano cha bei rahisi. Madini hayo ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na kwa desturi mafundi wa viwandani huongeza risasi kidogo ili yachongeke kwa urahisi. Nchini Marekani, tangu Januari 2014, sheria haimruhusu muuzaji kuviita visivyo na risasi viungo vya maji ya kunywa ambavyo risasi yake, katika sehemu zinazogusa maji, inazidi asilimia 0.25 kwa wastani. Kiungo kisicho na maandishi yoyote hakikuahidi lolote kati ya hayo. Kwa tangi la samaki tumia viungo vya plastiki ngumu au chuma cha pua. Kwa maji ya kunywa fanya vivyo hivyo, au dai kiungo chenye maandishi ya kwamba hakina risasi.

Kusoma maandishi

Maandishi yanayofaa kutafutwa ni ya namna hii: «kwa maji ya kunywa», «kwa vyakula», nembo ya glasi na uma itumikayo Ulaya kwa vitu vinavyogusa chakula, au namba ya kiwango NSF/ANSI 61, ambacho kinahusu vifaa vinavyogusa maji ya kunywa. Maandishi yanayotosha kukuzuia ni haya: «si kwa maji ya kunywa», «kwa bustani tu», na lolote linalotaja kuzuia ukungu, kuvu au bakteria. Mpira uliotiwa dawa ya kuua viumbe vidogo umetiwa sumu kwa makusudi, na samaki hawezi kuiambia sumu hiyo kwamba yeye si ukungu.

Namba iliyo ndani ya pembetatu ya mishale haielezi usalama, inataja aina ya plastiki tu: 3 ni PVC, 2 na 4 ni polietilini, 5 ni polipropilini.

Yafaa pia kuelewa alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS. Alama hiyo huonyesha kwamba bidhaa imekidhi kiwango kilichowekwa kwa matumizi yake. Mpira wa bustani wenye alama halali ni mpira mzuri wa bustani, lakini alama haiugeuzi kuwa chombo cha maji ya kunywa. Wauzaji wengine hulichanganya jambo hili, wengine kwa kutojua.

Majaribio mawili ya nyumbani

Dukani mara nyingi mpira hukatwa kutoka katika roli kubwa na lebo hubaki huko. Omba kuiona roli. Ukiwa tayari umenunua, kata kipande kidogo chenye urefu wa ukucha, kitumbukize katika glasi ya maji na ukibinye ili mapovu yatoke. Polietilini na polipropilini ni nyepesi kuliko maji, hivyo huelea. PVC, silikoni na mpira mweusi kwa kawaida huzama. Jaribio hili halisemi kama kitu ni salama, bali hufichua uongo mmoja unaotokea mara kwa mara: kuambiwa kwamba ni polietilini kumbe ni PVC.

Jaribio la pili ni la harufu. Chukua mitungi miwili ya kioo yenye vifuniko, itie maji ya chanzo kimoja, na katika mmoja weka kipande cha mpira chenye urefu wa kiganja. Funga yote miwili na uiache mahali penye joto kwa saa 24. Fungua kwanza usio na mpira, unuse, kisha wa pili. Ukihisi harufu ya plastiki, rangi au mafuta, usitumie mpira huo kwa samaki wala kwa kunywa. Usionje. Na usipohisi kitu, usidhani umepata uthibitisho, kwa kuwa risasi haina harufu wala ladha. Kuna watu hupima plastiki kwa kuichoma na kutazama rangi ya moto. Moshi wa PVC una asidi kali, nasi tunakataza kabisa.

Katika tangi la samaki

Mrija wa hewa unaotoka kwenye pampu ndogo huwa na upana wa ndani wa milimita 4 na wa nje milimita 6. Wa PVC hukauka na kuwa wa manjano baada ya muda, ukachomoka wenyewe kwenye pampu, kwa hiyo ubadilishe mara uanzapo kuwa mgumu. Jambo lenye uzito zaidi ni umeme kukatika. Pampu iliyowekwa chini ya usawa wa maji ikizimika, maji yaweza kurudi kupitia mrija ule ule, yakaingia ndani ya pampu, na kutoka hapo yakafika kwenye waya na sakafuni. Weka pampu juu ya usawa wa maji, au funga katikati ya mrija vali ndogo ya kuzuia maji yasirudi, mshale wake ukielekea tangini. Waya wa umeme uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuelekea soketi, ili matone yadondoke badala ya kuufuata.

Kwa kunyonya uchafu chini ya tangi, mpira unaoonyesha ndani unafaa, maana utaona uchafu na pia samaki mdogo aliyeingia kwa bahati mbaya. Kwa mpira unaokaa na maji siku zote, chagua usiopitisha mwanga, la sivyo ukijani utaota ndani. Usianzishe mvuto wa maji kwa kunyonya kwa mdomo. Maji ya tangi hubeba vijidudu, salmonela ikiwamo. Ujaze mpira maji kwanza, ziba ncha zote mbili kwa vidole gumba, tumbukiza ncha moja tangini na uachie nyingine ndani ya ndoo iliyo chini.

Wenye mbuna wa Ziwa Nyasa au samaki wa Ziwa Tanganyika, ambao hutafutwa na wafugaji duniani kote, tunawakumbusha kwamba maziwa hayo yana maji yenye alkali na chumvichumvi za kutosha. Kuyaacha maji ya bomba yalale kutasaidia kuondoa klorini, hakutasaidia kuondoa kilichotoka kwenye mpira.

Katika tangi la nyumba

Mpira wa nusu inchi wenye urefu wa mita 30 hubeba ndani yake karibu lita 4 za maji. Hayo ndiyo maji yaliyolala na plastiki tangu jana, pengine juani. Kabla ya kujaza chochote cha kunywa, mwaga kwanza kama lita 8, yaani pungufu kidogo ya nusu ya ndoo ya lita 20, uyatumie kwa maua au kuoshea uani. Tunajua maji yana bei na katika mitaa mingi hutoka kwa mgao. Hiyo ni sababu ya kununua mpira mfupi unaokutosha kuliko mrefu wa kujivunia. Mpira mwembamba nao hugusisha maji na plastiki zaidi: maji yaliyo ndani ya mpira wa nusu inchi hugusana na kuta maradufu, kwa kila lita, kuliko yaliyo ndani ya mpira wa inchi moja.

Baada ya kazi umwage maji yote, uuzungushe na kuutundika kivulini, ncha zikitazama chini.

Usiiache ncha ya mpira imezama ndani ya pipa, ndoo ya sabuni au tangi la samaki huku upande wa pili umefungwa kwenye koki. Mgao ukikatika, mgandamizo katika bomba hushuka, na jirani akiwasha pampu yake hunyonya. Kilichomo ndani ya ndoo yako chaweza kurudi kwenye bomba na kutokea kwa mwingine. Acha nafasi ya upana wa kiganja kati ya ncha na maji.

Ununuapo maji ya boza, utazame mpira wake kabla haujaingia tangini mwako. Uliburutwa wapi? Ncha zake zina vifuniko? Umewahi kubeba nini? Mafuta ya taa, dizeli na dawa za shambani huingia ndani ya plastiki yenyewe, na sabuni haiyaondoi. Mpira uliowahi kubeba mojawapo ya hivyo haurudi tena kwenye maji ya kunywa wala ya samaki. Una haki ya kuukataa, na kudai wa kwanza umwagwe chini.

Ukiuziwa kisicho sahihi

Muuzaji akikuambia kwamba mpira unafaa kwa maji ya kunywa ilhali lebo yasema vinginevyo, amekupotosha, na Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza upotoshaji wa namna hiyo. Malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani. Yanayohusu ubora wa bidhaa yenyewe hupelekwa TBS, na kwa upande wa Zanzibar, Taasisi ya Viwango Zanzibar. Dai risiti siku unaponunua. Mwananchi tuliyemtaja mwanzoni alikuwa na lebo lakini hakuwa na risiti, na duka lilikana kumwuzia.

Ukija na malalamiko, leta risiti, lebo, na maji yaliyopita katika mpira huo ndani ya chupa safi ya kioo. Mpira wenyewe usiukate ovyo. Maandishi huchapwa kwa kurudiwarudiwa katika urefu wake, hivyo kata kipande chenye maandishi kamili kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, na utuletee hicho.